Kura Iliyo Karibu Nasi: Somo Kutoka Milima ya Amani





Ukurasa huu wa somo umezoea kuzungumzia visima, miche ya miti, vikundi vya kuweka na kukopa, na afya ya mama na mtoto. Safari hii tumeamua kuzungumzia kura. Tunajua wapo watakaouliza: je, shirika letu sasa limeingia katika siasa? Hapana. Hatuna chama, hatuna mgombea, na mimbari ya kanisa si jukwaa la kampeni. Lakini kwa miaka mingi ya kufanya kazi na wakulima na wachuma chai wa Tarafa ya Amani, wilayani Muheza, tumejifunza kwamba mradi wowote wa maendeleo hatimaye unakabidhiwa mikononi mwa viongozi ambao mtu fulani aliwachagua, au hakuna aliyejali kuwachagua.

Tulianza kulifikiria jambo hili baada ya mama mmoja kusimama katika kikao cha jumuiya ndogondogo na kusema: “Mimi Rais nilimpigia kura. Mbunge nilimpigia kura. Lakini huyu anayetugawia ardhi hapa kijijini, sijui nani alimchagua.” Watu walicheka, kisha wakanyamaza. Wengi wao hawakujua pia.

Masimulizi yaliyomo katika somo hili tumeyasikia katika vikao vya namna hiyo. Majina ya wasimulizi na ya vijiji vyao hatuyataji, kwa sababu kura ni siri na anayesimulia anastahili kulindwa.

ANDIKO LA SOMO: MATENDO YA MITUME 6:1-6

Tunaziomba kamati zisome andiko hili kwa sauti kabla ya kuendelea. Kanisa la kwanza linakua, na manung’uniko yanatokea. Wajane wa kundi moja wanasahauliwa katika mgawo wa chakula wa kila siku. Mitume hawawateui watu wao kwa siri. Wanaita mkutano wa wote, wanataja sifa zinazotakiwa, na kuuachia mkutano uchague watu saba. Waliochaguliwa ndipo wanapowekewa mikono.

Tutazame mambo mawili. La kwanza, shida iliyozaa uchaguzi ule haikuwa jambo la kifalme. Ilikuwa chakula cha wajane, yaani jambo la mezani, la kila siku. La pili, waliolalamika hawakuambiwa wanyamaze ili kulinda umoja. Walisikilizwa, na umoja ukapona. Uchaguzi wa kijiji uko karibu sana na meza ile. Ndiyo maana tunauita kura iliyo karibu nasi.

TULIKOTOKA

Wazee wetu wa Tanga wana kumbukumbu ndefu ya kura. Jimbo la Tanga lilikuwa miongoni mwa majimbo yaliyopiga kura katika awamu ya kwanza ya uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria, Septemba 1958. Ulikuwa uchaguzi wa “kura tatu”. Kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, la sivyo kura yake iliharibika. Na si kila mtu aliruhusiwa. Kulikuwa na masharti ya kipato, elimu au cheo, hivyo mkulima wa kawaida wa milimani na kibarua wa mkonge walibaki nje ya kituo. TANU iliamua kushiriki hata hivyo, katika mkutano wake wa Tabora wa Januari 1958, baada ya mabishano makali.

Baada ya uhuru kila mtu mzima alipata kura. Mwaka 1965, katika uchaguzi wa kwanza wa chama kimoja, wagombea wawili wa TANU walishindana katika majimbo mengi, mmoja akipewa alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba, ili hata asiyejua kusoma aweze kuchagua. Bibi mmoja alituambia: “Siku hizo sikujua herufi, lakini jembe nalijua.” Urais ulikuwa wa mgombea mmoja, na wananchi walijibu ndiyo au hapana.

Vyama vingi vilirudi mwaka 1992, na uchaguzi mkuu wa kwanza wa mfumo huo ulifanyika 1995. Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, pamoja na shahada yenye picha, vilitumika kwa mara ya kwanza katika uchaguzi mkuu wa 2005. Mwaka ule wengi wanaukumbuka pia kwa sababu siku ya kura Tanzania Bara ilisogezwa kutoka Oktoba 30 hadi Desemba 14, baada ya mgombea mwenza wa CHADEMA kufariki dunia. Baadhi ya vibarua walikuwa wamekwisha kuomba ruhusa ya kwenda kupiga kura makwao, wakalazimika kuomba tena.

CHAGUZI MBILI, DAFTARI MBILI

Tumegundua kwamba wanavijiji wengi, na hata baadhi ya wanakamati wetu, wanachanganya chaguzi mbili. Tuzitenganishe.

1. Uchaguzi mkuu. Tanzania Bara mpiga kura hupewa karatasi tatu: ya Rais, ya Mbunge na ya Diwani. Husimamiwa na Tume ya Uchaguzi, ambayo tangu sheria za mwaka 2024 inaitwa Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Linalotumika ni Daftari la Kudumu.

2. Uchaguzi wa serikali za mitaa. Hapa tunamchagua mwenyekiti wa kijiji, wajumbe wa halmashauri ya kijiji na mwenyekiti wa kitongoji. Mjini huchaguliwa mwenyekiti wa mtaa na wajumbe wa kamati ya mtaa. Kwa kawaida hufanyika mwaka mmoja kabla ya uchaguzi mkuu: 2004, 2009, 2014, 2019 na 2024. Umesimamiwa na ofisi ya serikali inayoshughulikia tawala za mikoa na serikali za mitaa, yaani TAMISEMI. Orodha ya wapiga kura huandaliwa upya palepale kijijini, na mwenye kadi ya Daftari la Kudumu bado anapaswa kwenda kujiandikisha.

Kuchanganya huku kunawapotezea watu haki yao. Mwaka 2024 kujiandikisha kwa ajili ya uchaguzi wa vijiji na mitaa kulifanyika kwa siku kumi tu, Oktoba 11 hadi 20, na kura zikapigwa Novemba 27. Baba mmoja alituambia kwamba alikaa nyumbani siku zote kumi akijua kadi yake iko kabatini. “Nilipofika siku ya kura, jina sikuliona. Nikamwonyesha kijana kadi, akasema: Mzee, hii ni ya uchaguzi mwingine. Nikarudi shambani kwangu.”

WALIYOYAPITIA WENZETU

Safari na mvua. Miezi ya Oktoba hadi Desemba ni majira ya vuli katika Usambara Mashariki. Njia inayopanda kutoka Muheza kupitia Kisiwani huwa tope, na vijia vya kutoka vitongojini huteleza. Mchuma chai mmoja alieleza jinsi alivyotoka kambini alfajiri na mtoto mgongoni, akavuka mito miwili hadi kituoni. Hakujua kwamba wajawazito, wenye watoto wachanga, wazee na walemavu hupewa nafasi mbele bila kupanga foleni. Alisimama tangu asubuhi hadi karibu saa sita mchana. Hakuna aliyemwambia, na yeye hakuuliza.

Kazi na ukazi. Katika mashamba ya chai ya Amani wako watu ambao wazazi wao walikuja kutafuta kazi kutoka Iringa, Songea na kwingineko. Wengine wamezaliwa hapa, lakini bado wanajiona wageni. Kijana mmoja wa kambini alisema: “Mimi kura ya kijiji siigusi, ile ni ya wenyeji.” Tulimweleza kwamba raia wa Tanzania mwenye miaka 18, ambaye ni mkazi wa kijiji, ni mwenyeji mbele ya sheria. Alishangaa. Alikuwa amechota maji ya kijiji kile maisha yake yote.

Takrima. Hapa ndipo watu huongea kwa sauti ya chini. Kanga, kofia, fulana, chumvi, sabuni na sinia la pilau vimewahi kupita mlangoni kwa wengi wetu. Wasomaji wa zamani watakumbuka kwamba mwaka 2000 Sheria ya Uchaguzi ilirekebishwa na kuruhusu kile kilichoitwa takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura. Mashirika ya kutetea haki na mazingira yalipeleka shauri Mahakama Kuu, na mwezi Aprili 2006 Mahakama ikatamka kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba. Sheria ilibadilika, lakini mazoea hayafi siku moja. Mama mmoja mjane alituuliza kwa uchungu: “Nikipewa kanga na mtoto hana nguo, niikatae?” Hatukumhukumu. Mwenzake akamjibu vizuri kuliko sisi: “Dada, kanga inachakaa mwaka mmoja. Mwenyekiti anakaa mitano.”

Siri. Wapo wanaoamini kwamba kuna mtu anayeona alama wanayoweka. Wapo wake walioelekezwa na waume zao, na vijana walioelekezwa na waliowapa ahadi ya kazi. Ni lazima turudie kufundisha: ndani ya kile kibanda uko peke yako na Mungu wako. Asiyeona au asiyejua kusoma anaweza kusaidiwa na mtu anayemwamini na aliyemchagua mwenyewe. Babu mmoja asiyeona alimpeleka mjukuu wake wa kike. Tulipomuuliza alijuaje kwamba mjukuu ameweka alama alikotaka yeye, alijibu: “Yeye ndiye anayenisomea Zaburi kila jioni. Angetaka kunidanganya angeanzia huko.”

MRADI WETU WA MAJI: TUNAKIRI

Tunawiwa pia kueleza kosa letu wenyewe, hasa kwa wafadhili waliotuamini.

Miaka kadhaa iliyopita, kabla ya Wakala wa Maji Vijijini, RUWASA, kuanzishwa mwaka 2019, tulisaidia kijiji kimoja cha milimani kujenga mradi wa maji ya mserereko. Wananchi walichimba mtaro na kubeba mabomba begani, nasi tukaleta vifaa na fundi. Siku ya makabidhiano kulikuwa na ngoma na chakula. Majina ya kamati ya maji yalisomwa na kiongozi wa kijiji kutoka kwenye karatasi, watu wakapiga makofi. Hatukuuliza kama mkutano mkuu wa kijiji uliwachagua. Katika taarifa yetu tuliandika urefu wa bomba na idadi ya vituo vya kuchotea maji, tukaambatanisha na picha.

Haikuchukua muda mrefu. Mvua kubwa iliziba banio, bomba likapasuka sehemu mbili, na ilipotakiwa fedha ya matengenezo kutoka mfuko wa maji, daftari la mapato halikuonekana. Akina mama wakarudi mtoni na ndoo zao. Tulipofuatilia tuliambiwa mkutano mkuu haukuwa umefanyika kwa muda mrefu. Na viongozi wale walipatikanaje? Mzee mmoja alijibu bila kuficha: “Siku ile tulikuwa mashambani kwenye iliki. Tulisema ule ni uchaguzi mdogo, tutapiga ule mkubwa.”

Ule uchaguzi mdogo ndio uliowarudisha wake zao mtoni.

Kilichofuata kilitoka kwa akina mama wenyewe. Wakristo na Waislamu kwa pamoja waliandika barua kuomba mkutano mkuu uitishwe. Mara ya kwanza hawakujibiwa. Mara ya pili waliambiwa wasubiri. Mara ya tatu walikwenda wengi, wakaketi nje ya ofisi ya kijiji mpaka tarehe ikapangwa. Mkutano ulipofanyika, hesabu zilisomwa. Sehemu ya fedha ilielezeka na sehemu haikuelezeka. Kamati mpya ilichaguliwa kwa watu kunyoosha mikono, nusu yake wanawake. Maji yalirudi, ingawa vituo viwili vya juu vilibaki vikavu. Katika uchaguzi wa kijiji uliofuata, mmoja wa akina mama wale aligombea ujumbe wa halmashauri ya kijiji akashindwa kwa kura chache. Mpaka leo ndiye mwenye maswali mengi kuliko wote mkutanoni.

Tangu hapo tumeongeza swali moja katika fomu yetu ya mradi: Mkutano mkuu wa mwisho wa kijiji ulifanyika lini, na muhtasari wake uko wapi?

KWA NINI KURA YA KIJIJI INA UZITO

Kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1982 ya serikali za mitaa za wilaya, mamlaka ya juu ya kijiji ni mkutano mkuu, yaani wakazi wote wenye miaka 18 na zaidi. Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25, ni mtendaji wake. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri hii inasimamia ardhi ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na haipaswi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe saba, na watatu kati yao lazima wawe wanawake. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kutenga na kusimamia msitu wake.

Kwa watu wa Amani mambo haya si nadharia. Tunaishi kati ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, iliyotangazwa mwaka 1997, na mashamba makubwa ya chai. Ardhi iliyobaki ni nyembamba. Wengi wanakumbuka suala la ukanda wa msitu wa Derema, ambapo wakulima zaidi ya elfu moja wa vijiji jirani waliacha mashamba yao ya iliki na mazao mengine ili misitu iunganishwe. Shabaha ya kuhifadhi vyanzo vya maji na viumbe adimu ilikuwa njema. Lakini kuhesabu mimea, kupanga fidia na kutafuta ardhi mbadala kulichukua miaka, na katika muda wote huo mkulima alihitaji mtu wa kumsemea: mtu anayejua kusoma mkataba, anayerudisha taarifa mkutanoni, na asiyeogopa kuuliza. Mtu huyo hapatikani siku ya tatizo. Anapatikana siku ya kura ya kijiji.

“KURA YANGU HAINA KAZI”

Tusingekuwa wakweli kama tungeishia hapo. Wako ndugu zetu waliokata tamaa, nao wana sababu.

Katika uchaguzi mkuu wa 2010, chini ya nusu ya walioandikishwa walipiga kura, takriban asilimia 43. Mwaka 2019 wagombea wengi wa upinzani waliondolewa katika uchaguzi wa serikali za mitaa, vyama kadhaa vikajitoa, na CCM ikapata zaidi ya asilimia 99 ya nafasi. Mahali pengi watu hawakupiga kura kabisa, kwa kuwa mgombea alikuwa mmoja na alihesabiwa kupita bila kupingwa. Malalamiko ya wagombea kuenguliwa yalirudi mwaka 2024. Aidha, sheria zetu hazimruhusu mtu kugombea bila chama, hata uenyekiti wa kitongoji, ingawa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha ilitoa uamuzi dhidi ya katazo la mgombea binafsi mwaka 2013.

Na uchaguzi mkuu wa Oktoba 29, 2025 hatuwezi kuupita kimya. Chama kikuu cha upinzani hakikuwamo katika karatasi ya kura. Siku ile na zilizofuata kulikuwa na maandamano, intaneti ilizimwa, Dar es Salaam iliwekewa amri ya kutotoka nje usiku, na watu walipoteza maisha. Mgombea wa CCM alitangazwa kupata karibu asilimia 98 ya kura. Waangalizi wa Umoja wa Afrika na wa SADC walieleza kwamba uchaguzi ule haukufikia viwango vilivyokubaliwa. Tunaziombea familia zilizofiwa, na tunaziomba parokia ziendelee kuwafariji bila kuwauliza wana itikadi gani.

Kwa aliyekata tamaa hatuna jibu rahisi, wala hatutamwambia kwamba uchungu wake ni dhambi. Tunaweza kumwambia tulichokiona tu. Akina mama wa mradi wa maji hawakuwa na chama wala mgombea. Walikuwa na mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano huo unapaswa kufanyika kila miezi mitatu, na mapato na matumizi yanapaswa kusomwa humo. Hauhitaji kadi ya chama chochote. Mahali ambapo kura imezuiwa au imedhoofika, swali linaloulizwa mkutanoni mbele ya majirani bado lina nguvu. Na mahali ambapo watu wamezoea kuuliza, ni vigumu zaidi kuwachukulia kura yao siku itakapofika.

Tusome pia Waamuzi 9:8-15. Miti inatafuta mfalme. Mzeituni, mtini na mzabibu wote wanakataa kwa sababu wana kazi nzuri za kufanya. Mwishowe mti wa miiba unakubali, na kutishia kuwateketeza wengine kwa moto. Sisi tunaoishi chini ya miti ya Amani tunaweza kuuelewa mfano huo vizuri. Ni mara ngapi katekista mwaminifu, mwalimu mstaafu au mama anayetunza hesabu za kikundi bila kupoteza shilingi amesema, “Mimi siasa siziwezi”? Wakikataa wote wenye matunda, tusishangae tukitawaliwa na miiba.

KAMATI YA PAROKIA IFANYE NINI?

Uchaguzi wa vijiji ujao, kwa utaratibu wa miaka mitano, unatarajiwa mwaka 2029, na uchaguzi mkuu mwaka 2030. Tusisubiri. Tunapendekeza yafuatayo:

1. Kila jumuiya ndogondogo ijue tarehe ya mkutano mkuu ujao wa kijiji chake na iitangaze baada ya ibada. Tuwashirikishe majirani zetu Waislamu, ili tangazo lifike msikitini pia.

2. Kamati iwe na mtu mmoja wa kufuatilia tarehe za kujiandikisha, kwa daftari zote mbili. Waliohama, waliotimiza miaka 18 na waliopoteza kadi wasaidiwe mapema.

3. Itolewe elimu ya mpiga kura isiyotaja chama: siri ya kura, haki ya kusaidiwa, nafasi ya mbele kwa wazee na wenye watoto wachanga, na haki ya aliyekwisha kupanga foleni kabla ya saa kumi jioni kupiga kura hata kama muda umefika.

4. Uchaguzi ukiangukia Jumapili, kama ilivyokuwa mwaka 2010 na 2015, ibada ipangwe mapema ili waumini wapate muda wa kufika vituoni.

5. Viongozi wa ibada wasitaje jina la mgombea madhabahuni, wala wasipokee zawadi ya kampeni kwa niaba ya parokia, hata kama ni mabati ya kanisa.

6. Kila mradi unaopitia kwetu uwe na kamati iliyochaguliwa mkutanoni, na muhtasari wake ubandikwe hadharani.

Kwa wafadhili wetu tunasema: mafunzo ya namna hii hayapigwi picha nzuri kama bomba linalotoa maji. Lakini tumeona kwa macho yetu bomba likikauka kwa kukosa mkutano. Mnapotusaidia kulipa nauli ya mkufunzi na karatasi za somo, mnalinda pia bomba mlilokwisha kulinunua.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika Matendo 6, nani walisahauliwa? Katika kijiji chetu leo, nani wanasahauliwa katika mgawo wa maji, ardhi au pembejeo?

2. Je, kila mmoja wetu anamjua mwenyekiti wake wa kitongoji, na anajua alivyopatikana?

3. Mkutano mkuu wa mwisho wa kijiji ulifanyika lini? Nani kati yetu alihudhuria? Mapato na matumizi yalisomwa?

4. Tumewahi kupokea takrima? Tulijisikiaje baadaye? Tutamsaidiaje mjane asiye na nguo ili asiuze kura yake?

5. Katika parokia yetu, nani ni “mzeituni” anayepaswa kuombwa agombee? Nani atamwendea?

Majibu ya swali la tatu tunaomba yaandikwe na kuletwa ofisini kwetu kupitia kwa katibu wa kamati, ili tujue ni vijiji vipi tuanze navyo.

Bwana awajalie hekima ya kuchagua, ujasiri wa kuuliza, na uvumilivu wa kuketi nje ya ofisi mpaka tarehe ipangwe.

Amani ya Kristo iwe nanyi nyote.